Asali ni Shifaa, Lakini Yapo Maumivu ya Tumbo Yasiyongoja Asubuhi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyeyajaalia maradhi na akayajaalia pamoja nayo dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, leo tumekusudia kuzungumzia maradhi ambayo hayahitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote, nayo ni maumivu ya tumbo. Hakuna nyumba isiyoyajua. Mara ni mtoto aliyekula maembe mabichi, mara ni binti aliye katika siku zake, mara ni baba aliyefuturu kwa pupa, mara ni bibi ambaye tumbo lake limejaa gesi. Tumbo likianza kukata na kusokota usiku wa manane, mama wa nyumba huamka, huwasha moto, hubandika sufuria, kisha huitafuta tangawizi au chupa ya asali aliyoihifadhi. Na mara nyingi, kwa idhini ya Allah, maumivu hutulia na nyumba nzima ikarudi kulala.

Jambo hilo ni jema na hatuna nia ya kulibeza. Lakini zipo nyakati ambazo maumivu hayatulii. Mama huongeza kijiko cha pili cha asali, kisha cha tatu. Jirani huitwa aje na mizizi yake. Kunapambazuka, kisha kunakuchwa tena. Na mgonjwa anapofikishwa hospitali, tabibu huuliza: mlikuwa wapi siku zote hizi? Makala yetu ya leo inahusu mpaka uliopo kati ya nyakati hizo mbili. Kwa maoni yetu, Uislamu umetufundisha kuitumia dawa ya nyumbani na umetufundisha pia kumwendea tabibu, na mwenye kulishika moja akaliacha jingine huwa ameipunguza sunna katika jambo hili.

Neema iliyo mlangoni mwetu

Tunawakusudia hasa wenzetu wa mkoa wa Singida, ingawa maneno haya yanamhusu kila mwenye familia. Tumeuchagua mkoa huo kwa sababu mbili. Kwanza, ni mkoa ambao Allah (S.W.) ameuneemesha kwa nyuki. Katika mapori ya Manyoni na Itigi, mizinga ya magogo hutundikwa mitini kama walivyofanya mababu, na siku hizi ipo pia mizinga ya kisasa ya mbao. Asali ya Singida hupelekwa Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko, na ile ya nyuki wadogo wasiouma huthaminiwa zaidi kwa kuwa watu huitumia kama dawa. Si ajabu basi nyumba ya Mnyaturu au Mnyiramba ikakosa sukari lakini isikose asali.

Pili, ni mkoa mkavu wenye vijiji vilivyotawanyika. Wapo wanaoishi karibu na zahanati, na wapo ambao kwao safari ya kwenda hospitali ni safari ya kukodi pikipiki na kuvuka mito ya msimu iliyofurika wakati wa masika. Kwa watu hao dawa ya nyumbani huwa ndiyo ya kwanza, na kwa baadhi yao huwa ndiyo ya mwisho. Hapo ndipo neema inapoweza kugeuka mtihani.

Mafunzo ya ndugu aliyeumwa tumbo

Katika Sura An-Nahl, aya ya 68 na ya 69, Allah (S.W.) ametaja jinsi alivyomfunulia nyuki namna ya kujitengenezea makazi, na kwamba katika kinywaji kitokacho kwake mna shifaa kwa watu. Muislamu haoni haya kuitumia asali, wala hahitaji kusubiri mtu wa mbali amthibitishie kwamba ina kheri.

Na kuhusu tumbo hasa, imepokewa kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.), katika Sahih ya Bukhari na ya Muslim, kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa nduguye anaumwa tumbo. Mtume akamwelekeza ampe asali. Akaenda, kisha akarudi akasema hali haijabadilika. Akaelekezwa vilevile. Alirudi zaidi ya mara moja, na kila mara alielekezwa asali, hadi mwisho yule ndugu akapona.

Hadithi hii tunaisikia mara nyingi kwenye mawaidha, lakini mara nyingi tunaichukua nusu. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni aliyefariki mwaka 751 Hijria, katika maelezo yake ya tiba ya Mtume, amebainisha kuwa kule kurudiwa kwa asali kunafundisha jambo la kipimo: dawa iwe na kiasi kinachowiana na ugonjwa, kwani ikipungua haiuondoi na ikizidi huweza kudhuru. Basi hata asali ina kipimo chake.

Nasi tunaomba kuongeza zingatio moja. Yule mtu hakukaa kimya nyumbani akasubiri. Alipoona nduguye hajapata nafuu, alirudi kwa yule aliyemwelekeza, akamweleza hali ilivyo, akapokea mwongozo, akaenda, akarudi tena. Alikuwa akifuatilia. Ni wangapi miongoni mwetu huanza dawa ya tumbo siku ya Jumatatu, na ikifika Alhamisi mgonjwa anazidi kulegea, bado hatujamwuliza mtu yeyote mwenye ujuzi?

Aidha, imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua, Mtume (S.A.W.) akaenda kumzuru. Alimwelekeza kwenye tende saba za ajwa za Madina, na papo hapo akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa mtu anayejua utabibu. Tazama, ndugu msomaji: tende na tabibu vimetajwa katika mwongozo mmoja. Na huyo Harith wanazuoni wamehitilafiana iwapo alisilimu au la. Hilo linawajibu wale wanaosita kumpeleka mgonjwa katika hospitali ya Makiungu kule Ikungi, au ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi, kwa sababu tu zilianzishwa na wamisionari. Ujuzi wa tiba ni kheri ya wanadamu wote, na roho ya Muislamu ni amana.

Yenye manufaa ndani ya nyumba

Baada ya kuyaeleza hayo, tuseme sasa ni yapi yanayofaa kufanywa nyumbani pale tumbo linapouma kwa kiasi, mgonjwa akiwa na fahamu zake, hana homa kali na anaweza kunywa.

La kwanza ni dua. Imepokewa katika Sahih ya Muslim kuwa Uthman bin Abil-As (R.A.) alimshitakia Mtume (S.A.W.) maumivu aliyokuwa nayo mwilini. Akaelekezwa aweke mkono wake mahali panapouma, ataje jina la Allah mara tatu, kisha aombe kinga kwa Allah mara saba. Tiba hiyo haigharimu kitu na haichukui hata dakika mbili. Wala hakuna ndani yake kinachomzuia mtu kufunga safari ya hospitali mara tu anapoimaliza.

La pili ni maji. Tumbo la kuharisha huua kwa kuukausha mwili. Dawa kubwa kuliko zote kwa hali hiyo ni ya nyumbani: pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi na salama, anywe kidogo kidogo na mara kwa mara. Ikikosekana pakiti, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji, na usizidishe chumvi. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, na zahanati itampatia vidonge vya zinki.

Msidharau mchanganyiko huo kwa wepesi wake. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, wakimbizi walijazana upande wa India na kipindupindu kikawaangamiza. Maji ya kutundika yalipokwisha, Dkt. Dilip Mahalanabis na wenzake waliamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kambini hapo vifo vilivyokuwa takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Walioyaokoa maisha hayo kwa mikono yao walikuwa akina mama na akina dada wenye kikombe na kijiko.

La tatu ni joto. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, ikiwekwa juu ya tumbo au chini ya kitovu, hulegeza misuli iliyokaza, na husaidia hasa maumivu ya hedhi. La nne ni tangawizi, ambayo Qur'an imeitaja miongoni mwa vinywaji vya watu wa Peponi katika Sura Al-Insan, aya ya 17. Chai yake nyepesi husaidia kichefuchefu. Mnanaa na bizari nyembamba husaidia tumbo lililojaa gesi. La tano ni chakula chepesi, kama uji wa mtama au wa uwele usio na mafuta mengi. Na kwa mwenye choo kigumu, maji ya kutosha, papai, ukwaju, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa ni bora kuliko dawa za kuendesha.

Na asali je? Kijiko kimoja au viwili katika maji ya vuguvugu kwa mtu mzima ni kheri. Mwenye kisukari ajue kuwa asali ni sukari pia, na aitumie kwa ushauri.

Tunayoyafanya kwa nia njema yakatudhuru

Yapo mambo ambayo tumeyazoea, na nia yetu ni njema, lakini madhara yake ni makubwa.

Mosi, ni kumeza vidonge vya maumivu ovyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huunguza ukuta wa tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo akivimeza kwa ajili ya maumivu ya vidonda hivyo, hujiongezea ugonjwa na huweza kutokwa na damu ndani. Watu wengi pia hudhani vidonda vya tumbo husababishwa na pilipili na mawazo peke yake. Ukweli ni kwamba vingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo hupimwa na huondolewa kwa dozi kamili ya dawa. Anayehangaika miaka 10 na juisi ya kabichi angeweza kupimwa akatibiwa.

Pili, ni kumeza Flagyl kwa kila tumbo linalouma. Dawa hiyo ina maradhi yake maalumu, na kuitumia bila kupimwa, vidonge vitatu leo na viwili kesho, kunavijengea vijidudu usugu.

Tatu, ni magadi. Kulamba magadi ili kuondoa kiungulia na gesi ni mazoea ya siku nyingi. Lakini magadi ni chumvi, na mwenye shinikizo la damu, maradhi ya figo au ujauzito anajidhuru kwayo.

Nne, ni dawa kali za kuendesha, kama shubiri na mafuta ya mbarika. Hizo huongeza msokoto wa tumbo. Mjamzito asizitumie kabisa, wala asinyweshwe mizizi ya kuharakisha uchungu, kwani huweza kuuchana mfuko wa uzazi. Na mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba au kidole tumbo chake kimevimba, akipewa dawa ya kuendesha, utumbo huweza kupasuka.

Tano, ni kudhani kwamba kila maumivu ya tumbo yanatokana na chango au kurogwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara iliyo jirani na Singida, familia kadhaa zilianza kuugua: matumbo yakiuma na kuvimba, kutapika, macho yakigeuka manjano. Walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki, wengi wa wagonjwa wakiwa watoto. Sababu ilikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, na iliingia majumbani kwa njia ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Hakuna mzizi wala asali ya kuiondoa sumu hiyo, na kupika hakuimalizi. Kinga yake ni kuanika mahindi na karanga vizuri juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuhifadhi pakavu, na kuzitupa punje zilizoota ukungu bila kuzionea huruma. Kama ndugu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa tumbo kwa pamoja, acheni kutafuta mchawi. Toeni taarifa zahanati, na mchukue sampuli ya chakula mlichokula.

Mtoto mchanga na asali

Hapa tunaomba wazazi watusikilize kwa makini. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata kidogo, hata ikiwa ni safi kutoka mzingani. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli yake, mpaka akashindwa kunyonya na hata kupumua. Hilo halipingani na Qur'an. Chakula kilicho halali na kizuri kwa baba huweza kuwa hatari kwa mtoto wa siku tatu, na kila mama analijua hilo.

Wapo wanaouliza juu ya tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kaakaani. Yaliyothibiti katika Sahih ya Bukhari ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafanyia hivyo watoto wa Masahaba kwa tende iliyolainishwa, miongoni mwao ni Abdullah bin Zubair (R.A.). Basi wenye kufanya wafanye kwa tende, kwa kiasi kidogo sana na kwa mikono iliyooshwa, na asali waiache. Baada ya hapo mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Maji ya chango, majivu na dawa za kienyeji anazonyweshwa mtoto anayelia jioni havimponyi. Wengi wa watoto hao hutulia wenyewe wanapofikia miezi mitatu au minne. Mbebe, mcheulishe, mpake joto la kifua chako.

Mabinti zetu na maumivu ya hedhi

Jambo jingine lililofunikwa na haya ni maumivu ya hedhi. Binti hujikunja kitandani, hukosa shule siku mbili kila mwezi, na baba hajui ni kwa nini. Mama humwambia avumilie, kwamba ndiyo hali ya wanawake.

Tukumbuke kisa cha Mama wa Waumini Aisha (R.A.) katika safari ya Hija. Alipofikwa na hedhi njiani alilia, na Mtume (S.A.W.) alipomkuta akilia alimwuliza, akatambua sababu, akamliwaza kuwa hilo ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, kisha akamweleza la kufanya. Hakumkemea wala hakuona aibu kulitaja. Kama mbora wa viumbe amezungumza hivyo na mkewe, itakuwaje sisi tushindwe kumwuliza binti yetu?

Binti huyo apewe chupa ya joto, chai ya tangawizi, mapumziko, na kidonge cha maumivu kama ibuprofeni baada ya kula ikiwa hana vidonda vya tumbo, kwa kipimo alichoelezwa na mhudumu wa afya. Lakini maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, damu inayotoka nyingi mno, au maumivu yanayobaki hata hedhi ikiisha, yapimwe. Huenda ni uvimbe, maambukizi, au ugonjwa ambao utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Asiambiwe kuwa ataponea kwenye ndoa.

Dalili zisizongoja asubuhi

Tunaomba kila nyumba izikate dalili zifuatazo na kuzibandika ukutani. Ikionekana mojawapo, asali iwekwe pembeni na safari ianze usiku huo huo:

1. Maumivu yaliyoanza kwenye kitovu kisha yakahamia chini upande wa kulia, yakizidi kila saa. Huenda ni kidole tumbo.

2. Tumbo lililokuwa gumu kama ubao, au lisilostahimili kuguswa.

3. Tumbo kuvimba, kutapika matapishi ya kijani, na kukosa choo na upepo. Utumbo umeziba au umejisokota.

4. Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, au kutapika damu.

5. Mwanamke mjamzito, au ambaye hedhi imechelewa, akipata maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na damu inamwagika ndani.

6. Mtoto mdogo anayelia kwa vipindi akikunja magoti, kisha akatoa choo chenye damu na makamasi.

7. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani, sasa imekuwa ngumu, inauma na hairudi.

8. Mvulana anayelalamikia maumivu ya ghafla chini ya tumbo na kwenye korodani. Korodani huweza kujisokota, na kuiokoa kunategemea saa 6 za mwanzo. Wavulana huficha jambo hili kwa aibu, waulizeni.

9. Macho ya manjano, homa kali, au mgonjwa aliyelegea, asiyekojoa na ambaye macho yameingia ndani.

Mgonjwa wa namna hiyo asilishwe njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji. Na mkifika, mtajieni tabibu kila dawa aliyokunywa, ikiwemo ya mizizi, bila kuficha.

Ruhusa ya baba na nauli

Sasa tufike kwenye kiini cha uchelewaji. Katika nyumba nyingi, mama anaziona dalili hizo, lakini baba yuko machungani, mnadani au safarini, simu yake haipatikani, na mama anaogopa kuondoka au kuuza kuku bila ruhusa. Mgonjwa hungoja, na ugonjwa haungoji.

Imepokewa katika Sahih ya Bukhari na ya Muslim kwamba Hind bint Utba (R.A.) alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi matumizi yanayomtosha. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Ikiwa hiyo ni kwa chakula cha kila siku, basi uhai wa mtoto una haki zaidi. Tunawanasihi akina baba watamke leo, mbele ya familia zao: akiumwa mtu nami sipo, nendeni, uzeni mtakachouza, nami nimeridhia. Maneno hayo machache huweza kuokoa nafsi. Kwa mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, upo mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama, unaopigiwa simu namba 115 bila malipo.

Misikiti nayo ina nafasi yake. Baada ya swala ya Ijumaa tunachangia ujenzi, tunachangia maulidi na safari. Tunapendekeza kila msikiti wa kijiji uwe na kisanduku kidogo cha dharura ya wagonjwa, na namba za simu za waumini wenye pikipiki au gari zilizobandikwa mlangoni. Kisanduku hicho kisibague Muislamu na asiye Muislamu, kwani jirani ana haki yake.

Na ndugu zetu wanaotoa dawa za asili tunawaheshimu, maana wengi wao wanahifadhi elimu ya wazee. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewatambua na kuwawekea Baraza la kuwasajili. Wakumbuke tu kwamba imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud na kwingineko kuwa mwenye kujifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, anawajibika kwa madhara atakayoyasababisha. Mganga mwema ni yule ambaye, mbele ya tumbo gumu kama ubao, husema: hili si langu, mpelekeni Mandewa, mpelekeni Kiomboi.

Kwa kumalizia, tunasisitiza kuwa kutawakali kwa Allah (S.W.) hakuanzi baada ya kuchelewa. Tumtumainie Yeye tunapokoroga asali, tumtumainie tunapopanda pikipiki usiku, na tumtumainie tunapomkabidhi mgonjwa wetu kwa tabibu, kwani katika hatua zote hizo mponyaji ni Yeye peke yake. Tunamwomba awaponye wagonjwa wetu, awajaalie wazazi busara ya kutambua wakati, na azijaalie nyumba zetu afya na utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.